Misimu miwili na moduli ya csv ya Python: ritifaa ya Ng'apa ilivyonifundisha kukata maandishi

Kazi yangu hapa Lindi mjini ni kupokea orodha za mizani kutoka kwa makarani wa vyama vya msingi, kuziunganisha ziwe orodha moja, na kuhakikisha kwamba kilo zinazosomeka ni zile zile zilizopimwa. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwa korosho za kusini ulianza mwaka 2007, mkulima halipwi papo kwa papo mbele ya mizani. Anasubiri mnada, na fedha zake hufuata kilo zilizoandikwa mbele ya namba yake ya uanachama. Kwa hiyo mstari mmoja ukisomwa vibaya na kompyuta, kuna mtu aliyepakia magunia yake kwenye bodaboda hadi ghalani ambaye kilo zake hazitaonekana siku ya malipo. Nimeitumia moduli ya csv, yaani kifurushi cha lugha ya programu ya Python cha kusoma na kuandika orodha kama hizi, kwa misimu miwili ya korosho na mmoja wa ufuta, na hapa naeleza nilivyoiona, pamoja na njia mbili nilizozipitia kabla yake.

Orodha huja kama faili za maandishi matupu. Kila mwanachama ana mstari wake, na ndani ya mstari vipande vinatenganishwa kwa mkato au, kwa baadhi ya makarani, kwa nukta mkato. Kipande ambacho chenyewe kina mkato ndani yake huzungushiwa alama za kunukuu, ili anayesoma ajue kwamba mkato huo ni sehemu ya maneno wala si mpaka. Mstari wa kawaida unafanana na huu: 00417,"Mitwero, karibu na shule",86.5. Mimi na wewe tunaona vipande vitatu: namba, mahali na kilo. Amri ya split ya Python, ambayo ndiyo ya kwanza kila anayejifunza kuandika skripti, yaani programu fupi, huionyeshwa, inaona vinne, kwa sababu haijui kabisa alama za kunukuu ni nini. Ukiiagiza ikate kwenye mkato, itakata kwenye kila mkato inaoukuta. Kilo zikahamia safu isiyo yake na safu ya kilo ikajaa maneno "karibu na shule". Kosa hilo niliona mapema na halikunisumbua sana, maana maneno hayajumlishiki.

Lililonisumbua ni dawa niliyoichagua baada ya hapo. Python ina moduli nyingine iitwayo shlex, iliyotengenezwa ili kukata amri kwa namna ileile ambayo ganda la Unix, yaani programu inayopokea amri za kuchapa katika mifumo ya jamii ya Unix, hukata maneno yanayoandikwa kwenye skrini nyeusi. Inazitambua alama za kunukuu, na unaweza kuiambia kitenganishi chako ni kipi. Niliipa nukta mkato, nikaijaribu kwa mistari ishirini ya kutoka Mingoyo, ikapita yote bila tatizo, nikaridhika. Kisha likaja faili la Ng'apa.

Kwa ganda la Unix, alama mbili zinaweza kufungua nukuu: ile yenye vistari viwili na ile yenye kistari kimoja. Hiyo yenye kistari kimoja ndiyo sisi tunaiita ritifaa, na katika Kiswahili haifungui wala haifungi chochote. Ni sehemu ya sauti, kama ilivyo katika ng'ombe, ng'ambo na jina lenyewe la Ng'apa. Shlex ilipofika kwenye ritifaa ya Ng'apa ilidhani nukuu imeanza, ikaendelea kutafuta mahali inapofungwa, ikafika mwisho wa mstari bila kupaona, ikasimamisha skripti kwa kulalamika kwamba nukuu haijafungwa. Hadi hapo sina lawama, kwa sababu chombo kinachosimama na kusema hakielewi ni chombo cha kuaminika.

Hatari ilikuwa kwenye mistari yenye ritifaa mbili. Chukua mstari kama huu: 00522;Ng'apa;86.5;ng'ambo ya mto. Ritifaa ya kwanza inafungua, ya pili inafunga, na kila kilichomo katikati kinahesabiwa kuwa kimenukuliwa, pamoja na nukta mkato zake. Badala ya vipande vinne unapata viwili: namba, na kipande kirefu kinachosomeka Ngapa;86.5;ngambo ya mto, ritifaa zote zikiwa zimetoweka. Shlex haikulalamika kwa sababu kwa sheria zake kila kitu kilikuwa sawa. Mimi nami nilikuwa nimeiagiza skripti iruke mistari yenye vipande pungufu, nikidhani kwamba mistari ya aina hiyo ni ile mitupu iliyoachwa na karani, hivyo uzembe huo ni wangu. Jumla ya kilo ilikuja ndogo kuliko ile ya ghalani, na ilinichukua siku mbili za kulinganisha stakabadhi moja baada ya nyingine kabla sijagundua kwamba waliokosekana wote walikuwa watu wa ng'ambo.

Kilichochelewesha ugunduzi ni kwamba si mistari yote ya Ng'apa iliyoharibika. Karani aliyeandika kwa kibodi ya kawaida alitoa ritifaa iliyonyooka, ambayo ndiyo shlex inayoijua. Lakini maandishi yaliyopitia kwenye programu ya uandishi inayojirekebisha yenyewe yalibadilishiwa ritifaa hiyo ikawa ile iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti kabisa. Iliyopinda ilipita salama. Nilikuwa nikitazama vijiji viwili vyenye jina lilelile, kimoja kinasomeka na kingine hakisomeki, na kwa macho sikuweza kuona tofauti.

Mwenzangu aliyeko Mtwara, ambaye bado anaandika skripti zake kwa Perl, lugha nyingine ya programu, aliniambia nisidhani ni ugonjwa wa Python peke yake. Moduli ya Text::ParseWords, inayokuja pamoja na Perl, nayo huihesabu ritifaa kuwa alama ya kunukuu, na ikikuta nukuu isiyofungwa hurudisha orodha tupu bila kusema lolote. Ni moduli nzuri kwa kazi iliyokusudiwa, yaani maneno yaliyoandikwa kwa desturi ya ganda. Waliozitunga walikuwa na amri za kompyuta akilini, na lugha yenye ng' haikuwamo.

Ndipo nikahamia kwenye moduli ya csv, ambayo ningalipaswa kuanza nayo. Imo ndani ya Python tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003, miaka miwili kabla ya waraka wa RFC 4180 uliotoka Oktoba 2005 kuandika desturi za faili hizi. Kuwamo ndani kuna maana kubwa kwa anayenunua bando kwa siku: hakuna cha kupakua. Sehemu yake inayokata imeandikwa kwa lugha ya C, na kwenye kompyuta yangu mpakato ambayo si mpya sijawahi kuisubiri.

Kwa kawaida yake inatambua alama moja tu ya kunukuu, ile yenye vistari viwili, na ritifaa kwake ni herufi kama nyingine. Ng'apa ilipita, ng'ambo ilipita, na sikuhitaji kuandika chochote cha ziada. Alama ya kunukuu ikiwa ndani ya kipande kilichonukuliwa, huandikwa mara mbili, kama katika "jirani na ""stendi mpya"", Mingoyo", na moduli huirudisha ikiwa moja. Ikiwa karani ameandika bomba la 2" bila kuzungushia chochote, alama hiyo iliyo katikati ya kipande huachwa ilivyo. Hata kipande ambacho mtu amebonyeza kitufe cha mstari mpya ndani yake husomwa kuwa kipande kimoja kilichoshuka mistari miwili, mradi kimenukuliwa. Jambo ambalo hakuna skripti ya kusoma mstari kwa mstari ingeliliweza. Kwa sababu hiyo usishangae hesabu ya mistari ya faili ikizidi hesabu ya wanachama.

Kuna mambo ambayo haikufanyii mpaka uiambie, na hapa ndipo wengi huichukia bila sababu. Faili lazima lifunguliwe kwa newline='', kwa kusoma na kwa kuandika; ukisahau wakati wa kuandika kwenye Windows, kila mstari utafuatwa na mstari mtupu, na mwenyekiti wa chama atakuuliza kwa nini umepoteza karatasi. Faili lililohifadhiwa na programu ya lahajedwali mara nyingi huanza na alama isiyoonekana, ambayo hujibandika kwenye kichwa cha safu ya kwanza, ukawa unaita safu ya "namba" na kompyuta inakana kwamba ipo. Kulifungua kwa usimbaji wa herufi uitwao utf-8-sig kunaiondoa.

La tatu ni nafasi baada ya mkato. Sisi tumefundishwa shuleni kwamba baada ya mkato huja nafasi, na makarani wangu huandika hivyo. Moduli ya csv hutambua nukuu pale tu alama inapokuwa herufi ya kwanza ya kipande. Ikitanguliwa na nafasi, alama huwa herufi ya kawaida na mkato wa ndani hukata. Chaguo la skipinitialspace huondoa tatizo hilo, lakini limezimwa tangu mwanzo, na nadhani hilo ni kosa la waliotunga.

Chaguo jingine lililozimwa ni strict. Likiwa limezimwa, nukuu iliyosahaulika kufungwa huendelea kumeza mistari inayofuata, mkulima baada ya mkulima, hadi ikutane na alama nyingine au faili liishe. Kuna kikomo cha herufi 131,072 kwa kipande kimoja, ambacho kikivukwa moduli husimama, lakini orodha ya chama kimoja cha msingi haifiki hata karibu na hapo. Ukiwasha strict, husimama nukuu inapofungwa na kufuatwa na kitu ambacho si kitenganishi, au faili linapoisha nukuu ikiwa wazi. Sasa naiwasha kila mara. Pia natumia DictReader, ambayo huita vipande kwa majina ya safu, kwa sababu mstari wenye vipande vingi kuliko vichwa huviweka vya ziada chini ya ufunguo wa None (neno la Python la "hakuna kitu"), na mstari wenye vipande vichache hujaziwa None panapokosekana. Skripti yangu ya leo hairuki mstari wa namna hiyo. Huuandika kwenye faili la pembeni pamoja na namba yake, na mimi humpigia karani simu.

Kila inachorudisha ni maandishi, hata kilo. Wapo wanaolalamikia hilo, lakini mimi nimelipenda, kwa kuwa namba 00417 inabaki na sifuri zake, ambazo lahajedwali huzila bila kuuliza. Kilo zilizoandikwa "1,250.5" hukataa kugeuzwa namba na skripti husimama, nami naona ni afadhali isimame kuliko ikisie. Kwa hoja hiyohiyo situmii Sniffer, kifaa kilichomo humo cha kubahatisha kitenganishi. Kwenye faili fupi kimenidanganya, na kumuuliza karani kama anatumia mkato au nukta mkato ni swali la nusu dakika.

Kasoro ambayo sijaipatia ufumbuzi safi ni nukuu zilizopinda. Moduli hukubali alama moja tu ya kunukuu, yenye herufi moja, ilhali zilizopinda ni mbili, ya kufungua na ya kufunga. Karani akinakili orodha kutoka kwenye programu ya uandishi, “Mitwero, karibu na shule” hukatwa vipande viwili kama vile hakuna nukuu. Kwa sasa nazinyoosha kwanza kabla ya kusoma, nikiacha ritifaa zilivyo, lakini mtu akiwa ametumia zilizopinda ndani ya zilizonyooka, kunyoosha huko kunazua nukuu mpya katikati ya kipande. Strict hulikamata kosa hilo mara nyingi, ila si kila mara. Vilevile kitenganishi lazima kiwe herufi moja, na mizani moja ya kidijitali niliyoletewa hutoa vistari wima viwiliviwili, hivyo faili lake nalo hupitia mkononi kwanza.

Kwa anayekusanya orodha za vijiji naipa moduli hii nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano ningeitoa kama strict na skipinitialspace vingekuwa vimewashwa tangu mwanzo, kwa sababu karani wa Nachingwea anayeazima skripti yangu hatajua kwamba vipo hadi siku vitakapomkosesha mtu kilo zake.