Hema jepesi la kubeba mgongoni: lipi linafaa Dodoma na Kanda ya Kati

Kuanzia Juni hadi Oktoba vijito vingi vya Dodoma, Chemba na Manyoni huwa vimekauka. Mtembeaji hubeba lita nne hadi sita za maji kwa siku, yaani kilo nne hadi sita kabla hajaweka unga wala sufuria, na ndiyo maana uzito wa hema huku unauma kuliko kwenye milima yenye chemchemi. Anayetembea peke yake asivuke kilo moja na nusu, vigingi, kamba na kitandiko cha chini vikiwemo. Wawili wanaogawana mzigo wasivuke kilo mbili na nusu. Usiamini lebo: mara nyingi uzito unaoandikwa ni wa kitambaa na fito tu. Omba lipimwe kwenye mzani wa duka la nafaka, hakuna atakayekukatalia.

Baada ya uzito, pima hema kwa upepo, vumbi, jua, miiba na ardhi ngumu. Mvua inafuata nyuma, maana ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na wengi hutembea nje ya msimu huo.

Nafasi ya kwanza tumelipatia hema la kuba lenye fito mbili zinazopishana juu. Linasimama bila kigingi hata kimoja, na kwenye majabali ya Kolo au Singida hilo ndilo linaloamua kama utalala au utahangaika. Ukigundua umelipiga juu ya miiba ya mgunga, unalinyanyua zima na kulisogeza. La mtu mmoja hupatikana chini ya kilo moja na nusu. La wawili ni kilo 2 hadi 2.5. Chagua fito za aluminiamu. Za fibaglasi hupasuka kwa urefu, na vile vijiti vyake huchoma kitambaa na vidole. Kifuniko cha nje kiwe cha poliesta: nailoni huchoka haraka zaidi kwa jua, tena hulegea ikipata unyevu, ukaamka usiku kukaza kamba. Kipimo cha kuhimili maji, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa hubeba kabla hakijavuja, cha milimita 1,500 juu na 3,000 sakafuni kinatosha.

Watu hukosea kwenye chumba cha ndani. Dukani neti tupu huvutia kwa wepesi na hewa yake, lakini upepo wa Agosti hupitisha vumbi chini ya kifuniko cha nje na kulimwaga usoni mwako usiku kucha. Tafuta chenye kitambaa hadi usawa wa kifua cha mtu aliyekaa, neti ianzie hapo kwenda juu. Na kusimama lenyewe hakumaanishi kwamba halipeperuki. Hema tupu hupaa, hivyo funga kwanza upande upepo unakotoka, tupia begi ndani, kisha endelea.

Ya pili ni turubai pamoja na chandarua chenye sakafu. Turubai la nailoni yenye silikoni, mita 3 kwa 3, lina gramu 500 hadi 700, na ukiongeza chandarua bado uko karibu na kilo moja. Mfuko ukibana, turubai la plastiki la dukani la mita 3 kwa 4 linafanya kazi, ila ni kilo moja hadi moja na nusu na matundu yake ya chuma hung'oka. Dawa yake: viringisha kokoto kwenye pembe ya turubai, funga kamba shingoni mwa kokoto hilo, na tundu uliache. Lipige chini chini, mgongo ukielekea mashariki au kusini mashariki, upepo wa kiangazi unakotoka zaidi. Panapolia fisi usilale chini ya turubai lililo wazi.

Hema linalosimamishwa kwa fimbo za kutembelea ndilo jepesi kuliko yote yanayofungika pande zote, gramu 900 hadi 1,200. Tumeliweka la tatu kwa sababu uhai wake wote uko kwenye vigingi: kimoja cha mbele kikichomoka, hema lote linakuangukia. Kwa miteremko yenye udongo ya Hanang au vilima vya Mpwapwa ni zuri sana. Kwa uwanda mkavu wa Bahi, fikiri mara mbili.

Bembea ya kulalia inahitaji miti miwili imara iliyoachana mita 4 hadi 5. Mgunga una miiba, mbuyu haufungiki kwa mkanda wa kawaida, hivyo inabaki ya wanaokwenda kwenye miombo. Juni na Julai baridi hukupata kutoka chini, kwa hiyo beba godoro jembamba. Mfuko wa kulalia usiopitisha maji, ule unaoingia mtu mmoja bila hema, ni wa dharura tu. Na lile hema linalofyatuka lenyewe kutoka kwenye mfuko wa duara liache kwa wenye magari.

Vigingi vinavyokuja na hema mara nyingi ni waya uliopindwa, na kwenye ardhi yetu hujikunja pigo la pili. Nunua vya aluminiamu vyenye umbo la Y ukivitazama kwa juu, sentimita 15 hadi 18, au chukua misumari ya inchi sita na washa: mizito, lakini inaingia. Kwenye mwamba, funga kamba kwenye jiwe dogo kisha weka jiwe kubwa mbele yake, upande wa hema. Kwenye mchanga, jaza kiroba, kifunge kamba, kifukie. Mchanga wa korongo usikuvutie kulala, hasa kuanzia Novemba: mvua ikinyesha mbali juu, maji yanakufuata wewe uliye pakavu.

Kitandiko cha chini kikate kiwe kidogo kuliko sakafu kwa sentimita 5 kila upande. Kikichomoza nje kitakusanya maji ya mvua na kuyaingiza chini yako.

Ukinunua la mtumba, soko la Sabasaba au kwingine, linuse kwanza. Harufu chachu na utando unaonata ni dalili kwamba mpako wa ndani umeoza, na hakuna fundi wa hilo. Vuta kitambaa cha paa kwa vidole gumba viwili; kikichanika, jua limekimaliza. Mwaga maji kikombe kimoja sakafuni, kandamiza kwa kiganja, tazama upande wa pili. Zipu isiyoshika si kasoro kubwa: bana kichwa chake kidogo kwa koleo, pande zote mbili sawa. Mishono inayovuja kwenye kitambaa cha silikoni hupakwa silikoni ya madirisha isiyo na rangi, lakini kitambaa chenye mpako wa kawaida wa poliyurethani huikataa, ikabanduka kwa siku chache.