SUV za haibridi kwa mtu wa Mombasa: ipi ununue, ipi uiache yadini

Shemeji yangu alinivuta hadi yadi moja ya magari Nyali nimsaidie kuchagua. Muuzaji akagonga kibandiko cha haibridi (injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme) kwenye mlango wa nyuma wa Lexus RX450h: "Hii hainywi mafuta, bosi, na mazingira unayatunza." Chini ya boneti mlikuwa na V6, injini ya silinda sita, ya lita 3.5. Shemeji anakaa Kizingo, ana watoto wawili, na safari zake nyingi ni ofisini na Likoni kwa mamake. Nikamwambia tutoke kidogo tupige hesabu.

Chukua gari kubwa linalokwenda kilomita 6 kwa lita, uliache ununue la haibridi linalokwenda 9. Katika kilomita 1,000 umeshuka kutoka lita 167 hadi 111, yaani lita 56 hazikuchomwa. Sasa chukua SUV ya wastani ya kilomita 12 kwa lita, uhamie ya haibridi inayokwenda 17: kutoka lita 83 hadi 59, umeokoa 24. Kwa hivyo wanaosema haibridi kwenye gari kubwa ni mapambo tu wanakosea, maana huko ndiko lita nyingi huokolewa. Lakini kila lita ya petroli hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi, na lile kubwa la "kijani" bado limechoma karibu mara mbili ya lile la wastani.

Wamarekani walishapitia haya. Chevrolet Tahoe Hybrid, SUV kubwa yenye V8 ya lita 6.0, ilipewa tuzo ya gari la kijani la mwaka 2008. Mjini ilifika karibu kilomita 9 kwa lita. Kwa Tahoe hiyo ni hatua kubwa, ila Vitz ya jirani yako inaipita bila mota wala tuzo. Kama hubebi watu wengi wala hupiti njia mbovu, acha kusoma hapa ukatafute gari dogo.

Kama SUV ni lazima, mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni Toyota RAV4 au Harrier ya haibridi, injini ya lita 2.5. RAV4 ya umbo la 2019 ilipimwa Marekani ikapata karibu kilomita 17 kwa lita, na ile ya petroli tupu kama 12 hivi. Tena mjini inafanya vizuri kidogo kuliko barabara kuu, kinyume cha magari tuliyoyazoea, kwa sababu kila ukikanyaga breki mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Foleni ya feri Likoni ndiyo mahali pake: injini imezima, AC inaendelea kwa umeme wa betri, na injini huwaka kwa muda mfupi tu betri ikipungua. Anayeshinda barabara ya Nairobi, Mariakani hadi Mtito Andei kwa mwendo mmoja, hataiona faida hiyo yote.

Kitu kimoja usisahau. Betri za Toyota hizi hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo chini ya kiti cha nyuma. Kwa joto letu la Pwani tundu hilo halichezewi. Fundi mmoja Changamwe alinifungulia kichujio cha feni ya Harrier kuukuu: vumbi limeshikana kama blanketi, nywele za paka, na maganda ya karanga. Mwenye gari alikuwa ameambiwa betri imekufa. Mwambie muuzaji akifungue mbele yako. Akianza kuzunguka zunguka, nenda yadi nyingine.

Ya pili ni Mitsubishi Outlander ya kuchaji. Ingekuwa ya kwanza kama kila mtu angekuwa na mahali pa kuichomeka. Zile za kizazi cha kwanza zina betri ya kilowati-saa 12, au 13.8 kwa za mwishoni zenye injini ya lita 2.4, kwa hivyo safari ya Bamburi hadi mjini na kurudi unaweza kuimaliza bila kuchoma tone. Wapo watakaokuambia umeme wenyewe ni wa mitambo ya mafuta ya Kipevu, mafuta yale yale. Kipevu ipo kweli, lakini gridi ni moja, na sehemu kubwa ya umeme wa Kenya ni mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Shida ni kwamba ukiishi ghorofa ya nne Tudor na gari linalala barabarani, hutaichaji. Utakuwa unabeba betri nzito kila siku huku ukichoma petroli.

Ya tatu ni Nissan X-Trail ya haibridi, lita 2.0 na mota moja. Inaokoa kiasi, si kama Toyota. Iko hapa kwa sababu ya bei.

Ya nne ndiyo ile RX450h. Vipimo vya Marekani vinaipa kilomita 12 hadi 13 kwa lita, na RX350 ya petroli kama 9 na nusu. Imeipita nduguye, sawa, lakini imefika pale RAV4 isiyo na mota ilipo tayari. Nunua kwa ajili ya viti.

Ya mwisho ni yale madubwana mapya, kama Lexus LX 700h iliyotangazwa 2024. Ina V6 yenye turbo mbili, na mota imewekwa hasa kuongeza nguvu, kutoka farasi 409 za LX 600 hadi 457. Kuiita gari la mazingira ni mzaha.

Ukiagiza Japani, kumbuka sharti la Kenya la umri wa gari usiozidi miaka 8.

Shemeji alichukua Harrier. Wiki ya kwanza nilipanda nyuma, nikakuta mamake ameweka kikapu cha maembe mbele ya tundu la betri. Nikakisogeza, nikamwomba moja.