Maka peni za kazi za mikono: ipi uanze nayo, ipi uiache hukohuko dukani

Nianze na kikombe changu. Kikombe cheupe cha kauri, nilikichora kwa maka peni nyeusi ya kawaida, ile ya kuandikia maboksi, majani majani yanazunguka mpaka kwenye mkono wake, nikakiingiza kwenye oveni kama nilivyoona watu wanafanya, kikatoka kizuri mpaka nikakipiga picha. Kimeoshwa mara nne tano, majani yakaanza kuwa kama moshi, halafu siku moja dodoki likaondoka na yaliyobaki. Na ile peni imeandikwa "permanent" bana, yaani ya kudumu, tena kwa herufi kubwa.

Kumbe hilo neno lina mipaka yake. Wino wa namna ile hautoki kwa maji ukishaingia kwenye kitu kinachonyonya, kama karatasi, kadibodi, mbao au kitambaa. Kwenye glasi na kauri hauna pa kuingia, unakaa juu juu tu. Kwa hiyo ukifika dukani achana kwanza na idadi ya rangi kwenye pakiti. Jiulize unaenda kuchora juu ya nini, halafu geuza peni usome ndani yake kuna nini: spiriti, maji au mafuta. Mpangilio huu ndo ningempa mtu ambaye ndo anaanza na ana hela ya kununua aina moja au mbili tu.

1. Peni za rangi ya akriliki (zenye asili ya maji)

Hizi ndo namba moja kwangu na wala sifikirii mara mbili. Ndani hakuna wino, ni rangi nzito kabisa, inafunika. Ukichora nyeupe juu ya kadibodi nyeusi inaonekana nyeupe, wakati peni ya spiriti ukiiweka juu ya kitu cheusi ni kama hujafanya kitu. Zinakubali mawe, mbao, vyungu vya maua, makopo, chupa, kadibodi, ngozi, na hazina ile harufu ya kukuumiza kichwa kwa hiyo hata na watoto mnakaa meza moja.

Jina linalojulikana zaidi hapa ni Posca, zinatengenezwa Japani na kampuni ya Mitsubishi Pencil tangu 1983 (hapana, sio wale wa magari, ni kampuni mbili tofauti ingawa nembo inafanana). Ukiona namba kwenye mwili wa peni, PC-1M ni ncha nyembamba ya kama milimita 0.7, PC-5M ni nene ya milimita 1.8 hadi 2.5. Anayeanza achukue ya katikati, PC-3M au inayolingana nayo ya kampuni nyingine, maana nyembamba inachosha kujazia na nene inaharibu sura za watu na herufi.

Kazi rahisi kuliko zote ni mawe ya mtoni. Osha jiwe, lianike mpaka liwe kavu kweli kweli, sio kavu la nje, jiwe lenye maji ndani rangi itavimba. Tandika nyeupe sehemu yote ya kuchora, subiri, ndo uweke rangi nyingine juu. Hapo kwenye kusubiri ndo wengi tunaharibu, unaona rangi kama imekauka unapitisha ncha, ncha inachimba rangi ya chini na kuibeba, nyekundu yako inageuka waridi na ncha yenyewe imeshachafuka. Ikitokea hivyo isugue kwenye karatasi chakavu mpaka irudi rangi yake. Na wakati wa kubonyeza ncha ili rangi ishuke, bonyeza kwenye karatasi, usibonyeze juu ya kazi yako, siku moja itatema tone zima katikati ya jicho la ndege uliyemchora saa nzima.

Udhaifu wake: kwenye glasi na chuma ukiikwaruza kwa kucha inabanduka, kwa hiyo vitu hivyo viwe vya kupamba tu au uvipake vanishi juu.

2. Peni za spiriti, hizi maka peni za kawaida

Ndo zile ambazo kila mtu anazo nyumbani, Sharpie ikiwa ndo jina kubwa, ipo sokoni tangu 1964. Angalizo dogo la ncha: kwenye Sharpie ile iliyoandikwa "Fine" sio nyembamba kama unavyofikiri, ni kama milimita 1, nyembamba hasa ni "Ultra Fine". Nimewahi kununua pakiti nzima kimakosa nikidhani nimepata ya kuandikia vitu vidogo.

Nimeziweka za pili kwa sababu kuna kazi mbili ambazo zinazifanya vizuri sana. Ya kwanza ni fulana ya kuchanganya rangi. Chukua fulana nyeupe ya pamba, ingiza kikombe ndani yake, vuta kitambaa juu ya mdomo wa kikombe kama ngoma na ukibane kwa raba bendi. Weka vidoti vya rangi kwa mduara katikati, rangi mbili au tatu tu, acha nafasi. Sasa chukua mrija, dondosha spiriti ya kusafishia vidonda katikati ya ule mduara, tone moja, subiri, tone lingine. Utaona rangi zinaanza kutembea zenyewe kwenda nje, zinakutana, njano na bluu zinatengeneza kijani pembeni, ua linafunguka mbele ya macho yako. Watu wengi wanamwaga spiriti yote kwa pamoja na kupata doa moja la rangi ya tope. Tone moja moja jamani. Fanyia sehemu yenye hewa na mbali na moto, na usiguse pasi mpaka spiriti imekauka yote na harufu imeisha, maana inashika moto. Ikishakauka piga pasi ya moto kuikaza rangi, na mara ya kwanza ifue peke yake.

Ya pili ni plastiki ya kusinyaa. Tafuta kifuniko cha plastiki chenye namba 6 ndani ya ile pembetatu ya mishale, lazima iwe 6. Chora kubwa, kata, toboa tundu la kamba kabla ya kuchoma maana baada ya hapo hutoboi tena. Kwenye oveni ya kama nyuzi 160 inajikunja kama inataka kuharibika, usishtuke, dakika chache inanyooka na kuwa nene na ndogo kama theluthi ya upana wake wa mwanzo, unapata kidani au kishikio cha funguo. Rangi zinakolea sana kwa hiyo anza na zilizopauka. Fungua madirisha.

Mabaya yake sasa. Rangi nyingi za peni hizi zinapauka juani, usipambie nazo kitu cha kukaa dirishani. Na ukizipulizia vanishi yenye spiriti ndani yake, mchoro wote unatiririka, niliharibu hivyo fremu ya picha iliyonichukua jioni mbili. Jaribu kwanza pembeni. Halafu wino huu usiweke mahali panapogusa chakula au mdomo, hata kama unaona haubanduki.

3. Peni za kauri

Zingekuwa juu zaidi ila zinafanya kazi moja tu. Lakini kama unachotaka ni kikombe au sahani ya zawadi, usipoteze muda na namba 1 na 2, nunua hizi. Pebeo Porcelaine 150 ya Ufaransa inachomwa nyuzi 150 kwa dakika 35, edding 4200 ya Ujerumani nyuzi 160 kwa dakika 25. Fuata ya kwenye pakiti yako, usichanganye. Kikombe kiingie oveni ikiwa bado ya baridi, vipashane joto pamoja, na dakika uanze kuhesabu joto likishafika. Baada ya hapo zima na ukiache humohumo kipoe, ukikitoa cha moto kinaweza kupasuka. Uzuri ni kwamba kabla ya kuchoma, ukikosea unafuta kwa kitambaa cha maji. Usichore karibu na mdomo wa kikombe, acha kama vidole viwili.

Kile kikombe changu nilikisugua chote kikawa cheupe tena, nikakirudia kwa hizi. Bado kipo.

4. Peni za kitambaa

Ni nzuri kwa mifuko ya turubai, viatu vya kitambaa, fulana zenye maandishi, maana wino hausambai kama wa spiriti. Ufue nguo kwanza bila kilainishi, uchore, upige pasi. Kama una peni za akriliki tayari hata hizo zinashika kwenye kitambaa cha pamba ukizipiga pasi, kwa hiyo sioni haraka ya kununua hizi.

5. Peni za mafuta

Zinang'ang'ania chuma, glasi na plastiki kuliko zote hapo juu, na kwa kitu cha kukaa nje zina maana. Ila nyingi zina "xylene", kemikali ya kuyeyushia rangi, na harufu yake sio ya mchezo, kukausha kunachukua muda, na za watoto sio. Nina moja tu, nyeupe.

Za kuacha dukani: yale mapakiti ya rangi 80 au 120 yenye ncha mbili mbili. Yana mvuto, nakubali. Lakini zimetengenezwa kwa kupaka rangi kwenye karatasi, zinapenya upande wa pili, na kwenye jiwe au chupa hazifuniki kitu. Utatumia rangi kumi, zilizobaki zitakaukia kwenye boksi.

Kabla ya kulipa, vua kifuniko na ukirudishe, usikie kama kinabana vizuri, kisipobana peni itakauka. Peni ya akriliki au ya mafuta itikise, kagololi ka ndani lazima kasikike. Kama ni ya watoto tafuta alama ya AP ya ACMI (taasisi ya Marekani ya vifaa vya sanaa), ile ya mviringo, inayomaanisha imekaguliwa na haina sumu. Nyumbani zilaze, usizisimamishe. Ya spiriti ikianza kukauka chovya ncha kwenye spiriti kidogo tu, ya akriliki chomoa ncha uioshe kwa maji, na baadhi yake ncha inageuzwa, upande wa pili ni mpya kabisa.