Uzazi wa mpango: Kanisa Katoliki na wanazuoni wa Kiislamu

Kondomu mfukoni mwa kijana ambaye hajaoa haihalalishwi na upande wowote. Tofauti inaanzia ndani ya ndoa.

Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1968, Humanae Vitae, alikataza kidonge, kondomu na kufunga kizazi. Akaacha mlango mmoja: kufuata mzunguko wa mwili. Mke anapima joto asubuhi kabla hajainuka kitandani, anaangalia ute wa ukeni, na siku ambazo anaweza kushika mimba wanajizuia. Papa alihofu kwamba mume akizoea vidhibiti mimba atapoteza heshima kwa mkewe, amfanye chombo cha kujistarehesha. Onyo hilo si la kupuuzwa, ingawa wanaume wa aina hiyo walikuwapo zamani sana kabla ya kidonge.

Kwa Waislamu mjadala ulianza na azl, yaani kumwaga nje. Sahaba Jabir alisimulia kuwa walifanya hivyo huku Qurani ikiteremshwa. Wanazuoni wengi wakapima njia za kisasa kwa kipimo hicho: za muda zinafaa wenzi wakiridhiana, kufunga kizazi moja kwa moja bila dharura, hapana. Al-Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa zamani, alikubali hata mke kutaka kulinda uzuri wake. Na mafakihi, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, wengi wao walisharutisha idhini ya mke, kwa kuwa naye ana haki yake katika starehe na katika mtoto. Hoja hiyo hainukuliwi sana na waume, sijui kwa nini.