Itafute mi-solo: jinsi ya kuchagua ekuteri Lubumbashi

Sanduku la ekuteri, yaani spika za masikioni, litakuambia "Super Bass", "Hi-Fi" na "20 Hz – 20 kHz". Usilipe hata faranga moja kwa maneno hayo. Hizo namba ni mipaka ya sikio la binadamu, na mtengenezaji yeyote anaweza kuziandika. Hazisemi ni wapi sauti imevimba na ni wapi imezama. Anayepima ni wewe mwenyewe, mbele ya meza ya muuzaji, kwa dakika tano na wimbo unaoujua.

Wimbo huo uwe na sebene, ile sehemu ya rumba ambayo magitaa hushika usukani na watu hucheza. Bendi ya rumba ina gitaa la solo, mi-solo, la kusindikiza na la besi. Solo husikika hata kwenye karedio ka mlinzi, kwa hiyo haipimi kitu. Mi-solo ndiyo hupotea: imebanwa kati ya solo na gitaa la kusindikiza, na ekuteri yenye besi iliyovimba huifunika kabisa. Ukiweza kuifuata hiyo peke yake tangu sebene inapoanza hadi inapoisha, umeshika kitu kizuri. Kisha geukia besi ujaribu kuiimba kwa mdomo. Ikipanda na kushuka, sawa. Ikiwa ni "bum, bum" ya noti ileile, hiyo ni kelele tu. Mwisho msikilize mwimbaji anapotamka s na sh. Zikichoma kama sindano dukani, nyumbani hutamaliza saa moja.

Wimbo uliozunguka WhatsApp mara kumi haufai kwa kazi hii, hujui umekamuliwa kiasi gani. Chukua MP3 ya kilobiti 256 au 320, na uzime ekwalaiza na Dolby ya simu.

Sasa masikio. Watu wengi hulaumu ekuteri wakati kosa ni kipira, ile ncha laini inayoingia sikioni. Kipira kikiacha upenyo, besi ndiyo hutoroka kwanza, na sauti inabaki nyembamba kama ya bati. Vuta sikio juu na nyuma, ingiza, kisha unguruma ukiwa umefunga mdomo: sauti yako ikijaa kichwani, umeziba vizuri. Isipojaa, badilisha ukubwa; wakati mwingine sikio la kushoto na la kulia hayatumii ukubwa mmoja. Ni hapo tu unaweza kuhukumu.

Ukilinganisha ekuteri mbili, sawazisha ukubwa wa sauti. Inayopiga kwa nguvu zaidi hudanganya, kwa sababu sauti ikipanda kidogo sikio hupokea besi zaidi na kuiita "nzuri". Wauzaji wanalijua hilo. Sikiliza ya kwanza, ya pili, kisha rudi kwenye ya kwanza. Halafu punguza hadi chini kabisa: ekuteri nzuri inabaki na vyombo vyote, mbaya inabaki na kengele na sauti ya mtu.

Kuna jaribio moja ambalo wachache hulifanya. Kwenye simu, fungua mipangilio, sehemu ya "Accessibilité", uwashe "audio mono". Mwimbaji anapaswa kusimama katikati ya kichwa. Akiwa amesambaa na besi imekufa, waya za upande mmoja zimeunganishwa kinyume, kasoro inayotokea kwenye bidhaa za bei ya chini. Akiegemea upande mmoja, vispika havilingani, au wavu wa upande mmoja umezibwa na nta. Na ukiwa umezima mono, mwimbaji akipotea na bendi ikabaki kama iko mbali, usiitupe ekuteri bado: fishi, kile kichwa cha waya, haijaingia mpaka mwisho, au uchafu umejaa kwenye tundu la simu, na waya unaotumiwa na pande zote mbili haugusi.

Tukizipanga kuanzia iliyo bora:

Ya kwanza ni ya waya, yenye vipira, kispika kimoja cha milimita 10 na waya unaochomoka. Moondrop Chu II ni mfano: ilipotoka mwaka 2023 bei yake haikufika dola 20, na waya ukikatika unanunua waya tu. KZ nazo zina za bei ya chini zaidi, ingawa nyingine zina ukali juu. Ukimpata mtu anayeleta mizigo kutoka Guangzhou au kupitia Kasumbalesa, mwagize. Simu isiyo na tundu la fishi itahitaji adapta ya USB-C.

Ya pili ni Bluetooth ya jina linalojulikana, Oraimo, QCY au Soundcore, modeli yenye programu ya kupunguza besi. Mara nyingi besi huwekwa nyingi kwa makusudi; ishushe kidogo na mi-solo itarudi. Usiongeze pesa kwa ajili ya LDAC, njia ya kutuma sauti bora zaidi kwa Bluetooth, kama una iPhone, haitaitumia. Wala usihukumu muziki wakati simu iko kwenye mazungumzo, maana Bluetooth hubana sauti ili maikrofoni ifanye kazi. Na umeme ukikatika siku mbili, ya waya itaendelea kuimba.

Ya tatu ni EarPods halisi za Apple, zisizo na kipira. Sauti ya mtu hutoka wazi, lakini ndani ya taksi-basi besi yote humezwa na injini, nawe utapandisha sauti mpaka masikio yaume.

Ya nne ni za waya zinazoning'inia kwenye meza za sokoni. Humo mna nzuri na mna takataka, wakati mwingine katika sanduku la aina moja.

Za mwisho ni zenye jina la kuiga. Samsung ilianza kutia ekuteri za AKG kwenye sanduku la Galaxy S8 mwaka 2017, na kufikia S21, mwaka 2021, katika nchi nyingi hazikuwamo tena. Kwa hiyo rundo la "AKG" mpya za bei ya chupa mbili za soda linajieleza lenyewe. AirPods za kuiga ni hivyohivyo: dirisha la kuziunganisha hufunguka kwenye simu vizuri sana, sebene haifunguki.

Kwenye soko la Kenya au la M'zee, hapa Lubumbashi, jaribu kipande kilekile utakachoondoka nacho, siyo cha maonyesho. Tikisa waya karibu na fishi muziki ukipiga. Muuzaji akikataa kufungua sanduku, wa meza ya pili atafungua.