Nissan Leaf ya 2018 kutoka yadi ya Mombasa: gari zuri, waranti ya injini isiyokuwapo

Gari lenyewe nalipa nyota nne. Yadi nawapa tatu, na hiyo ya tatu wameipata kwa sababu walikubali kuiweka kando karatasi yao ya waranti tukaandika nyingine. Jina lao silitaji, mambo tuliyamaliza kwa uzuri na sitaki kumharibia mtu riziki. Wako upande wa bara, Barabara ya Malindi, kwa hivyo mtu wa Nyali au Bamburi huenda amewapita mara nyingi tu.

Mimi nashona sare za shule na nazipeleka mpaka Kilifi. Kilichonileta kwenye gari la stima ni bei ya petroli, si mambo ya mazingira, Mungu anisamehe. Nilichonunua ni Leaf ya kizazi cha pili, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2017, yenye betri ya kilowati-saa 40. Hili langu lilisajiliwa kule mara ya kwanza Machi 2018, na nilipolikuta yadini mwaka 2025 lilikuwa limetembea kilomita 58,000 na kitu. Waliitisha milioni moja na laki tisa. Tukajadiliana mpaka bei ikashuka.

Sasa hiyo waranti. Kijana wa mauzo alinipokea vizuri, akanivutia kiti, akaniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, betri hii ina waranti ya Nissan ya miaka minane." Sina ubaya naye, ndivyo alivyofundishwa. Na ni kweli kwamba Nissan kule Japani wameidhamini betri ya namna hii kwa miaka 8 au kilomita 160,000, lolote litakalotangulia. Shida ni kwamba miaka hiyo inahesabiwa tangu gari liliposajiliwa mara ya kwanza, si tangu wewe ulipolinunua. Halafu ni ahadi ya huko huko Japani. Hata Mjapani akinunua gari lililotumika lazima alipeleke kwa wakala wa Nissan likaguliwe ndipo waranti ihamie kwake. Likishapakiwa melini kuja Kilindini, ahadi imebaki bandarini kule.

Na hebu tazama tarehe. Kenya haturuhusiwi kuingiza gari lililopita miaka minane. Waranti ya betri nayo ni miaka minane. Kwa hivyo magari yanayomiminika hapa, yale ya bei ambayo mtu kama mimi anaiweza, ni yale yale ambayo waranti yake iko ukingoni. Langu, hata lingebaki Osaka, lilikuwa limebakiza miezi tu. Kijana nilipompigia hesabu hiyo alicheka akasema, "Basi mama wewe umesoma." Sijasoma sana, ila hesabu ya tarehe hainishindi.

Lipo jambo la tatu, na wengi hawalijui kabisa. Pembeni mwa geji ya chaji kwenye Leaf kuna vijiti 12 vinavyoonyesha ukubwa uliobaki wa betri. Si chaji iliyomo, ni ukubwa wa tangi lenyewe. Kijiti cha kwanza huanguka betri ikishapoteza kama asilimia 15, na vinavyofuata huanguka kila baada ya asilimia 6 na kidogo. Waranti ya Nissan inaanza kukujali vikibaki pungufu ya 9. Yaani betri iliyopoteza karibu theluthi ya nguvu zake, kwa macho ya waranti, bado ni nzima. Mtu anayekwambia "betri ina waranti" hajakwambia lolote mpaka akutajie kiasi.

Na vijiti vyenyewe usiviamini peke yake. Wako mafundi wanaojua kuifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vijiti vyote 12 vikawaka kama gari limetoka kiwandani juzi. Baada ya muda wa kuendesha kompyuta inagundua ukweli na vijiti vinaanguka kimoja kimoja, wakati pesa yako imeshaliwa. Mimi hili langu lilikuwa na 11, na kusema kweli zile 11 zilinipa moyo kuliko ambavyo 12 zingenipa.

Mpwa wangu alikuja na kile kidude kidogo cha OBD2 kinachochomekwa chini ya usukani kuisoma kompyuta ya gari, na programu ya LeafSpy kwenye simu. Nilikuwa nimeomba gari lisichajiwe, waliache kwenye asilimia 20 hivi, kwa sababu seli mbovu hujificha betri ikiwa imejaa na hujitokeza chaji ikipungua. Simu ikaonyesha afya ya betri, yaani ukubwa uliobaki ukilinganisha na betri mpya: asilimia 83.6. Chini yake kuna mchoro wa nguzo 96, kila nguzo ni jozi ya seli, zimesimama sambamba kama meno ya kitana. Unachotafuta ni jino fupi. Gari likiwa limetulia tofauti kati ya jozi ya juu na ya chini ilikuwa milivolti 14 tu. Tukatoka barabarani, AC mwisho, nikakanyaga, mpwa wangu macho kwenye simu. Nguzo zilishuka zote kwa pamoja zikapanda zote kwa pamoja. Hapo ndipo nilipoanza kulipenda gari.

Yadi hawakutuwekea kizuizi chochote kwenye kupima, na hilo nawapongeza. Yadi nyingine niliyokwenda kabla, kutajwa tu kwa kile kidude nikaambiwa kitaharibu kompyuta. Nikaaga.

Tukarudi ofisini, nikaletewa karatasi ya waranti, safi, ina muhuri. Inadhamini injini na giaboksi kwa miezi sita. Nikaisoma mara ya pili. Leaf haina injini. Giaboksi yake ni gia moja ya kupunguza mzunguko, hata kuharibika ni nadra. Kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya gari lile ni betri, na karatasi nzima haikuitaja hata kwa bahati mbaya. Nikamuuliza kijana, "Mwanangu, injini iko wapi?" Akafungua boneti, akaangalia, akaifunga. Akaenda kumwita mwenye yadi.

Mwenye yadi ni mzee mstaarabu, alitoa udhuru kwamba magari ya stima kwao bado ni mageni. Akachukua kalamu akaandika kwa mkono "na betri, miezi 6". Nikamwambia mzee wangu, hiyo haitoshi. Betri ya gari la stima inaweza kukuangusha kwa njia mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni seli kufa, gari linazima au linakataa kuchaji. Pakiti ya Leaf hii, yaani betri nzima, ina moduli 24, vifurushi vya seli, fundi anaweza kuifungua, akatoa moduli mbovu akaweka nzima. Ya pili ni uchovu wa pakiti nzima, polepole, kila seli sawa na mwenzake. Hapo hakuna moduli ya kulaumu. Dawa ni pakiti nyingine, na hakuna yadi itakayokupa pakiti kwa sababu umepoteza kilomita 20 za safari. Neno "betri" peke yake, siku ya ugomvi, litasomwa kuwa ni kifo tu. Uchovu utaambiwa ni hali ya kawaida ya matumizi.

Tulikaa mpaka chai ikaletwa mara ya pili. Tulichoandika mwisho ni hiki: namba ya chasi, kilomita, tarehe, na afya ya betri 83.6 kama ilivyoonekana mbele ya pande zote mbili, na picha ya simu ikachapishwa ikabanwa nyuma. Muda ni mwaka mmoja. Seli ikifa, yadi inabadilisha moduli kwa gharama yake, pamoja na ufundi. Afya ikishuka chini ya 78 ndani ya mwaka, yadi inarudisha shilingi 20,000 kwa kila asilimia iliyoshuka chini ya hapo. Mimi nilianza na 80, yeye na 75. Anayepima ni fundi tuliyekubaliana sote, si wa kwake wala mpwa wangu.

Kwa nini 78? Kwa sababu Leaf ya kizazi hiki haina mfumo wa kuipoza betri yake, inapoa kwa hewa tu, na joto ndilo linaloizeesha. Mombasa hata usiku hakupoi vya kutosha. Gari lililoishi Japani kwenye baridi likija hapa litachoka haraka zaidi kuliko lilivyozoea, na nilitaka karatasi ilijue hilo.

Vipengele vya kuondoa dhamana navyo tulivipitia. Ajali, sawa. Kufunguliwa na fundi asiyekubaliwa, sawa. Lakini kulikuwa na "kuingia maji", na hapo nikakataa kutia sahihi. Mvua za masika barabara zetu ni mito, kila gari la mji huu limeingia maji. Tukabadilisha kuwa gari kuzamishwa mpaka maji yapite kiwango cha viti. Ukinunua, soma sehemu hii kuliko ile ya ahadi. Na ujue kuwa Kenya tuna sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 inayodai bidhaa iwe na ubora unaostahili hata karatasi isiposema, lakini kwenda kubishana mahakamani juu ya uchovu wa betri bila kipimo cha siku ya kwanza, sijui utaanzia wapi.

Barabarani gari ni raha. Likijaa linanipa kilomita 200 hivi na AC ikiwaka. Kilifi kwenda na kurudi ni kama 120, narudi na chaji ya kuniwezesha kupita Kongowea. Foleni ya Daraja la Nyali, ambayo zamani ilikuwa inaninywea petroli bure, sasa ni muda tu ninaopoteza. Skrini yote ni Kijapani, na yule bibi wa ndani ya gari bado ananikumbusha kila asubuhi kuhusu kadi ya kulipia barabara zao, kama anavyowakumbusha nusu ya madereva wa Afrika Mashariki.

Nyota ya tano gari limeikosa kwa mambo ya kuchaji. Waya uliokuja nalo una plagi ya Kijapani, fundi wa stima akanifungia chaja ya ukutani yenye laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi. Usikubali kuunganishiwa na ekstensheni, itayeyuka. Tundu la chaji ya kasi ni CHAdeMO, aina ya Kijapani, na vituo vingi vipya vinawekewa plagi ya Ulaya au ya China, kwa hivyo hesabu kwamba utachajia nyumbani. Mimi nachaji usiku mpaka 80 tu, naongeza mpaka 100 siku za Kilifi, na mchana naliegesha chini ya mwarobaini. Gari kukaa juani likiwa limejaa ndiko kunakoiua betri.

Nilipima tena juzi, nusu mwaka umeshapita. Ni 82.4. Mwenye yadi nilimtumia picha, akajibu "Alhamdulillahi", naamini aliisema kwa moyo wote.

Ukiwa mtu wa kupanda Nairobi kila wiki, gari hili si lako, nunua Probox. Ukiwa wa hapa hapa, una pa kuegesha na una soketi yako, nenda yadini na kidude mkononi, na kabla hujauliza bei omba uonyeshwe karatasi ya waranti.