Huduma ya kusahihisha matangazo, steshenari moja ya Ngarenaro, Arusha

Wadau wa Arusha mnaouza vitu kwenye status na Instagram, hii inawahusu. Kuna steshenari ndogo Ngarenaro, ya dada mmoja anayetoa kopi na kupiga picha za paspoti, sahivi ana huduma nyingine ambayo naona watu wengi hawaijui: unamtumia tangazo lako WhatsApp kabla hujaliposti, analisoma, anarekebisha maandishi, anakurudishia. Elfu moja kwa tangazo fupi. Bango au kipeperushi elfu tano na hapo anakupangia mpaka maneno, kuchapisha unalipia kivyake. Mimi nauza mapazia na mashuka karibu na soko la Kilombero na maandishi yangu yote ya biashara siku hizi yanapita kwake kwanza, kwahiyo naongea kitu ninachokitumia.

Wanaojua Kiswahili hapa mjini wako wengi, walimu tunao, na sio hicho kinachonifanya nimsifie. Huyu dada anajua kosa lipi linakula hela yako na kosa lipi ni uongeaji wa watu tu. Hapo ndo wengi wanaojifanya kusahihisha wenzao wanapochemka, wanakomaa na vitu vidogo vidogo, vile vinavyopoteza mteja hata hawavioni.

Mfano, jirani yetu fundi wa vitanda na makabati alichapisha bango kubwa sehemu nyingine huko mjini, limeandikwa THAMANI ZA NDANI KWA BEI NAFUU. Aliyelipanga hakushtuka, aliyelichapa hakushtuka, likaning'inizwa. Sasa kitanda na kochi na kabati ni samani, kwa s. Thamani ni ubora au bei ya kitu. Yaani fundi kaandika kwa herufi kubwa kabisa kwamba thamani ya kazi yake ni ya bei rahisi! Dada alipoliona alimfuata, shikamoo fundi, naomba nikuonyeshe kitu, akamfungulia ile kamusi ya TUKI anayoiweka chini ya kaunta akamsomea yote mawili. Fundi aliumia kwasababu lile bango alishalilipia, lakini la pili lililipa, na mimi nikaanza kuangalia mabango mengine njiani, jamani, thamani za ndani ziko kila kona ya huu mji.

Alinieleza vizuri kwanini inatokea. Maneno mengi yenye th, dh na gh tumeyapata kutoka Kiarabu na lugha nyingi za nyumbani hazina hizo sauti, halafu Kiswahili sanifu chenyewe kiliwekwa juu ya Kiunguja, ule mkutano wa Mombasa wa 1928 ndo uliamua hivo, sasa mtu amekulia huku chini ya Mlima Meru anaandika anavyosikia majirani wanatamka. Kwahiyo unakuta zambi, garama, tafazali. Hizo anarekebisha haraka haraka na hakusumbui nazo, mteja anaelewa tu. Ila akikuta "tunadhamini wateja wetu" anakupigia simu kabisa. Kuthamini mteja ni kumpa uzito wake, kumdhamini ni kwamba umekubali kusimama kwa niaba yake, akishindwa kulipa deni lake wanakuja kwako. Na hiyo sentensi iko kwenye risiti za maduka mengi sana.

Lakini kitu kilichonifanya nimwamini moja kwa moja ni ile ishu ya h. Watu wengi tunaidondosha tukiongea, apa, ata, ela, uyu, na kwenye maandishi ya kawaida hakuna anayekufa. Tatizo Kiswahili kimeibebesha hiyo h kazi kubwa mno, ndo inayokataa. Anakuja, hakuja. Ana, hana. Kwenye kikoba chetu katibu alituma kwenye grupu orodha ya mwisho wa mwezi, kila jina na hali yake, na mama mmoja aliyekuwa amemaliza kurejesha mkopo wake wote akaandikiwa "ana deni". Herufi moja tu ilidondoka. Yule mama aliona aibu mbele ya watu zaidi ya thelathini, mwenye nyumba wake yumo humo humo kwenye grupu, simu zikapigwa mpaka usiku, na katibu kila akielezea kwamba alimaanisha hana watu wanaona anamtetea. Mpaka leo wale wawili hawajakaa sawa. Niliposimulia pale steshenari dada hata hakucheka, akasema orodha za vikoba ndo anazisoma mara mbili mbili, na akamwambia katibu wetu aache kuandika ana na hana, aandike "anadaiwa" na "amemaliza", hapo hata h ikidondoka hakuna wa kuumia. Hilo wazo ni la bure kabisa na ndo tunalotumia.

Kuna na upande wa pili, watu wanaopachika h pasipohitajika, "hamefika mzigo mpya". Ukisoma unakwama, mzigo umefika au haujafika? Hapo mteja anaenda duka la jirani.

L na r sitaongea sana, kila mtu anazijua. Ila mwenye sehemu ya nyama choma aliyeandika "mahari pazuri kwa familia" nafikiri wazee wa ukoo walishtuka, mahari ni ng'ombe na bahasha.

Halafu kuna kukata maneno. Hii imezidi siku hizi, nita kuja, tuna uza, ame lipa. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba mtu, wakati na kitendo kwenye neno moja, ukikikata kila kipande kinaanza kujitegemea. "Na kuja" sio "nakuja". "Ana jua" sio "anajua". Mtoto wa dada yangu ndo ananiandikia posti na alikuwa anakata hivo, tena na zile xaxa, xana, cjui, m2 wangu, za enzi za meseji za herufi 160 ambapo ukizidisha unakatwa hela ya meseji ya pili, sababu ya kubana ilikuwepo. Sahivi bando halihesabu herufi hivo. Na mama mtu mzima wa Njiro anayetaka mapazia ya sebule nzima akikuta "bei poa xana" anaona anaongea na mtoto, wala hapigi simu. Tulipobadilisha tu lugha ya posti, wanaopiga wakawa ni watu wa kununua.

Kingine anachofanya, na hachaji, anakuwekea Kiswahili kwenye kibodi ya simu. Gboard inacho, watu wengi hawajui, wanaacha simu kwenye Kiingereza inageuza "kama" kuwa "karma" wanaposti hivo hivo. Ila alinionya mapema kwamba kibodi haitakuokoa kwenye samani na thamani kwasababu yote mawili ni maneno sahihi, simu haioni kosa. Pale lazima macho ya mtu.

Sasa na mimi nina malalamiko. Kuna muda anazidisha. Nilimpelekea "tunapokea oda masaa 24" akarudisha "saa 24". Najua, kwenye usanifu saa ni saa, moja au kumi, BAKITA lipo tangu 1967 kusimamia hayo mambo na naliheshimu. Lakini hakuna mteja wangu anayesema saa 24, wote ni masaa, na tangazo la mapazia sio mtihani wa kidato cha nne. Tulibishana kidogo, nikamwambia dada yangu hapa naomba uniachie, akaniachia. Kwasababu na kwahiyo pia anazitenganisha, mimi nikipokea naziunganisha tena, maana haibadilishi kitu. Kwenye barua ya benki au mkataba hapo namwachia afanye anavyojua yeye, na kweli kwenye mkataba wangu wa fremu alikuta "mpangaji atalipa, aidha, kwa miezi mitatu au sita", akaitoa ile aidha akaweka "ama", akanielekeza kwamba aidha maana yake ni pamoja na hayo, sio kuchagua, na kwenye mkataba mtu anaweza kukubana nayo. Hapo nilimshukuru sana.

Vitanda zipo, chumba inapangishwa, hizo anarekebisha zote na mimi naunga mkono, sikio linauma. Sawa, chumba kitapangishwa hata ukikosea, ila kibandike vizuri bana, ni lugha yetu.

Ubaya mwingine ni muda. Kipindi cha maombi ya vyuo na mikopo ya wanafunzi usitegemee kujibiwa siku hiyo hiyo, foleni inafika barabarani na yuko peke yake na kijana mmoja wa kopi ambaye kusahihisha hawezi. Umeme ukikatika pia kuchapa hakuna, ila meseji anajibu kwa simu. Na hapendi voice note kabisa, ukimtumia tangazo kwa sauti anakuomba uandike kwanza, anasema anataka aone unavyoandika. Mwanzoni iliniudhi nikaona ananipotezea muda, sahivi naona ana haki.

Kwa elfu moja kwa kweli sijaona wa kumshinda hapa mjini. Wenye vikoba, wenye fremu, mafundi, wenye migahawa, nendeni. Kwa bango mpelekee maneno angalau siku mbili kabla, na kabla hajakupa faili la kwenda kuchapa mwambie akusomee kwa sauti, anakubali bila kinyongo. Jumapili hafungui. Ukitoka stendi ndogo hata kwa mguu unafika, uliza steshenari ya dada wa kamusi utaonyeshwa.